Kinu cha alizeti, kiwanda cha mvinyo na kiwanda cha mbolea: Nani anapaswa kuwaogopa wadukuzi zaidi?

Ukitaja neno "udukuzi", wengi tunafikiria benki, mitandao ya simu au akaunti ya Instagram ya msanii. Kiwanda hakipo kabisa kwenye picha.

Lakini iko hivi: katika ripoti za kila mwaka za kampuni ya IBM kuhusu mashambulizi ya mtandaoni, sekta ya viwanda ilishika namba 1 kwa kushambuliwa miaka 4 mfululizo, kuanzia 2021 hadi 2024. Ilizipita hata benki na taasisi nyingine za fedha.

Sababu haina siri kubwa. Kiwanda kinaishi kwa kutembea. Kikisimama siku 5, malighafi inaharibika, vibarua wanakaa bure, wateja wanahamia kwa mwingine, na mwenye kiwanda anaanza kufikiria kumlipa yule yule aliyemsimamisha. Wadukuzi wanalijua hilo vizuri kuliko sisi.

Sasa lete hilo Kanda ya Kati.

Dodoma na Singida za leo sio zile za miaka 15 iliyopita. Kuna vinu vya alizeti kuanzia Kibaigwa mpaka Singida mjini. Kuna viwanda vya mvinyo vinavyotegemea zabibu za Hombolo, Mpunguzi na Chinangali. Kuna kiwanda kikubwa cha mbolea eneo la Nala, na viwanda vya Kizota. Treni ya SGR kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ilizinduliwa rasmi tarehe 1 Agosti 2024, na mizunguko ya biashara inazidi kuwa ya kasi.

Kila kiwanda kinachokua kinaongeza vitu vyenye waya: mizani ya kidijitali getini, mfumo wa uhasibu, kamera, mashine ya kidole ya mahudhurio, mtambo unaojiendesha. Kila kimoja ni msaada, na kila kimoja ni mlango.

Swali ni hili: ukiwa na viwanda 3 tofauti mbele yako, utajuaje kipi kiko kwenye hatari zaidi? Twende taratibu.

Kwanza, hatari ni nini?

Watu wengi huchanganya hatari na udhaifu. Chukua mfano wa nyumba mbili. Ya kwanza haina hata komeo, lakini ndani kuna mkeka na sufuria mbili. Ya pili ina kufuli na mlinzi, lakini ndani kuna pesa za mauzo ya msimu mzima. Ipi iko kwenye hatari zaidi?

Jibu linategemea vitu viwili ukivizidisha: uwezekano wa mwizi kuingia, na ukubwa wa hasara akiingia. Kiwanda ni hivyo hivyo. Ukiangalia upande mmoja tu, utadanganyika.

Mashambulizi ya aina 3

*1. Utapeli wa malipo.* Huu tunaujua wote. Nani hajawahi kupokea meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii"? Kiwandani utapeli huu unavaa suti. Tapeli anaingia kwenye barua pepe ya mhasibu au ya msambazaji, anasoma mazungumzo kimya kimya kwa wiki kadhaa, kisha siku ya malipo anatuma ujumbe: tumebadilisha akaunti ya benki, lipeni hapa. Ankara ni ya kweli, kiasi ni cha kweli, jina ni la kweli. Namba ya akaunti tu ndiyo ya uongo.

*2. Utekaji wa mafaili.* Programu mbaya inaingia kwenye kompyuta, inayafunga mafaili yote kwa kufuli la siri, halafu inaacha ujumbe wa kudai malipo. Kampuni ya nyama JBS, moja ya kubwa kuliko zote duniani, ilikumbwa na hili mwishoni mwa Mei 2021. Machinjio yake ya Marekani, Canada na Australia yalisimama, na kampuni ikakiri kulipa dola milioni 11.

*3. Kuingilia mitambo yenyewe.* Hapa mdukuzi hagusi mafaili, anagusa joto, presha au kasi ya mashine. Mfano maarufu ni programu ya Stuxnet, iliyogunduliwa 2010, iliyoharibu mashine za kurutubisha urani huko Iran. Mashambulizi ya aina hii ni machache sana na yanahitaji utaalamu mkubwa. Lakini yakitokea yanaweza kuumiza watu.

Ukitazama orodha hii, utaona kwamba ya kwanza ndiyo rahisi zaidi kufanyika na ya tatu ndiyo ngumu zaidi. Kwa viwanda vyetu vingi, adui wa kwanza ni meseji yenye namba mpya ya akaunti.

Maswali 5 ya kupimia

Huhitaji kuwa mtaalamu wa kompyuta ili ulinganishe viwanda. Uliza haya:

1. Kompyuta zote zikizimika sasa hivi, uzalishaji unaendelea? Hili linapima utegemezi.

2. Malighafi inaweza kusubiri siku ngapi? Hili linapima ni lini hasara inaanza kuuma.

3. Nani wa nje ana ufunguo wa kuingia? Fundi wa mtambo aliye nje ya nchi, mtu wa programu ya uhasibu, kijana wa kamera.

4. Nakala rudufu ya mafaili iko wapi, na mara ya mwisho ilijaribiwa lini? Kama jibu ni "ipo kwenye kompyuta hiyo hiyo", basi haipo.

5. Kiwanda kikisimama, nani mwingine anaumia? Wakulima, wasafirishaji, wauzaji wa rejareja.

Sasa tuyatumie. Viwanda 3 vinavyofuata ni vya kufikirika, havimsemi mtu. Lakini ukifanya kazi Kanda ya Kati, utavitambua.

Kinu kidogo cha alizeti

Mashine mbili za kukamua, swichi ukutani, fundi mmoja anayezijua kwa sauti. Ofisini kuna kompyuta moja, mashine ya risiti ya EFD na simu ya bosi. Oda za mafuta na mashudu zinapokelewa WhatsApp.

Mdukuzi hawezi kuingia kwenye mashine ya kukamua kwa sababu hakuna pa kuingilia. Haina intaneti. Kompyuta ikitekwa leo, kesho asubuhi kinu kinawaka kama kawaida. Na alizeti yenyewe ina subira: ikiwa imekauka vizuri na imehifadhiwa mahali pakavu, gunia linasubiri.

Lakini usikimbilie kusema kinu hiki kiko salama. Kompyuta ile mara nyingi inatumia Windows iliyokrakiwa, haipati marekebisho ya usalama, na ndiyo yenye orodha ya wanaodaiwa. Simu ya bosi ina kila kitu: wateja, benki, pesa za mtandao. Anayeidukua WhatsApp ya bosi anaweza kuwaandikia wateja wote kwa dakika 10 akiomba malipo ya awali.

Kwa hiyo uwezekano ni mkubwa, hasara ni ya pesa taslimu. Kwa kiwanda kikubwa, kutapeliwa shilingi milioni 20 ni maumivu. Kwa kinu kidogo, katikati ya msimu wa kununua alizeti, huo unaweza kuwa mtaji wote.

Kiwanda cha mvinyo cha ukubwa wa kati

Hapa mambo yanabadilika. Kuna matangi ya kuchachushia yanayodhibitiwa joto, kuna maabara yenye kumbukumbu za kila tangi, kuna mashine ya kujaza chupa. Kuna mfumo wa stempu za kodi za kielektroniki, ulioanza Tanzania 2019, ambao bila stempu hizo chupa haiwezi kwenda sokoni kihalali.

Kwenye teknolojia, picha ya kawaida ni hii: seva moja iko chini ya meza, mtu wa IT anakuja akipigiwa simu, na fundi wa mtambo aliye nje ya nchi anaingia kwa mbali kupitia programu kama AnyDesk au TeamViewer. Nywila ni ile ile tangu mashine ilipofungwa, kwa sababu kila mtu anaogopa kuigusa.

Halafu kuna zabibu zenyewe. Dodoma inajulikana kwa kuvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo nchi nyingi za mvinyo hazina. Ni neema, lakini pia ina maana kuna misimu miwili ya presha. Zabibu ikishakatwa haina subira ya alizeti. Chini ya jua la Dodoma, siku chache tu zinatosha kuiharibu. Na mchuzi wa zabibu ukishaingia kwenye tangi, unataka uangalizi usiku na mchana.

Kiwanda hiki kikitekwa mwezi usio wa mavuno, ni usumbufu. Kikitekwa wiki ya mavuno, lori limepanga foleni getini, mizani haisomi, mfumo wa kuwalipa wakulima hauwaki, ni janga.

Japan wameionja hii. Tarehe 29 Septemba 2025, kampuni ya vinywaji ya Asahi ilitangaza kuwa imeshambuliwa. Mfumo wa kupokea oda na kusafirisha mizigo ukasimama. Kampuni kubwa ya nchi iliyoendelea kiteknolojia ikajikuta inapokea oda za bia kwa karatasi na faksi.

Kiwanda kikubwa cha mbolea

Hiki kina kitengo chake cha IT, mitambo inayojiendesha, mfumo wa mauzo unaowaunganisha mawakala wa mikoa mingi. Tena, mfumo wa ruzuku ya mbolea nchini unatumia usajili wa kidijitali wa wakulima, kwa hiyo biashara ya mbolea imeshikana na kompyuta mpaka huko kijijini.

Kwa mdukuzi anayedai fidia, hiki ndicho kinachotamanisha: kina pesa na kina jina. Na kwa sababu kuna mitambo yenye joto na kemikali, kosa kwenye mfumo wa kudhibiti linaweza kuwa ajali, halikomei kwenye hasara ya pesa.

Upande wa pili, kina ulinzi bora kuliko wenzake wawili. Kuna mtu anayelipwa kuangalia. Kuna bajeti. Na kuna kitu ambacho watu husahau kukihesabu: ghala. Mbolea iliyo kwenye mifuko inakaa. Kiwanda chenye akiba ya wiki kadhaa kinaweza kuendelea kuuza wakati mafundi wanahangaika na seva.

Ila nacho kina msimu wake. Kanda ya Kati tuna mvua za msimu mmoja, na mkulima anayepanda Desemba hawezi kusubiri mbolea mpaka Februari.

Tuweke alama

Tutoe alama 1 hadi 5 kwa uwezekano, na 1 hadi 5 kwa hasara, kisha tuzidishe. Alama hizi ni zetu, za kusaidia kufikiri tu.

- Kinu cha alizeti: uwezekano 4, hasara 2. Jumla 8.
- Kiwanda cha mvinyo, nje ya mavuno: uwezekano 4, hasara 2. Jumla 8.
- Kiwanda cha mvinyo, wakati wa mavuno: uwezekano 4, hasara 4. Jumla 16.
- Kiwanda cha mbolea, kuelekea msimu wa kupanda: uwezekano 3, hasara 5. Jumla 15.

Umeona kilichotokea? Kiwanda cha kati kimemzidi mkubwa, japo kwa alama 1 tu. Kimeshakuwa na kompyuta za kutosha kukitegemea, lakini bado hakina mtu wa kuzilinda. Kinu kidogo kinaokolewa na swichi ya ukutani. Kiwanda kikubwa kinaokolewa na bajeti na ghala. Wa katikati hana kimojawapo.

Jambo la pili: kiwanda kile kile kimepata alama 8 na 16, tofauti ni kalenda tu. Anayelinganisha hatari bila kuuliza "mwezi gani?" ameruka nusu ya swali.

Vipi kuhusu zile alama za mtandaoni?

Kuna kampuni duniani ambazo kazi yao ni kutoa alama za usalama wa mtandao kwa kampuni nyingine. Bitsight wanatoa alama kati ya 250 na 900, inafanana na alama za mikopo. SecurityScorecard wanatoa herufi, A mpaka F. Wanunuzi wakubwa na kampuni za bima huko nje hutumia alama hizi kabla ya kusaini mkataba.

Ni vizuri kuzijua, kwa sababu kiwanda kinachotaka kuuza nje kinaweza kukutana nazo. Ila elewa zinapima nini. Zinaangalia kiwanda kutoka nje: tovuti, mipangilio ya barua pepe, kompyuta zinazoonekana mtandaoni, programu ambazo hazijasasishwa. Ni kama kuikagua nyumba ukiwa barabarani. Utaona ukuta na geti. Hutaona kwamba ufunguo uko chini ya chungu cha maua.

Kiwanda kinachotumia Gmail, ukurasa wa Facebook na kundi la WhatsApp hakina mengi ya kuonekana kutoka nje. Alama yake inaweza isiwepo kabisa, au ikatulia tu. Wakati huo huo mhasibu ana nywila moja kwa kila kitu. Kwa viwanda vyetu, maswali 5 ya hapo juu yatakuambia zaidi.

Anayeumia hayupo ofisini

Hapa ndipo penye uzito wa habari hii. Kampuni ya magari ya Jaguar Land Rover ya Uingereza ilishambuliwa mwishoni mwa Agosti 2025. Uzalishaji ulisimama kwa takriban wiki 5. Kituo kimoja cha Uingereza kinachofuatilia matukio ya aina hii kilikadiria hasara kwa uchumi wa nchi hiyo kuwa pauni bilioni 1.9, na mashirika zaidi ya 5,000 yakaguswa.

Wengi kati ya hao 5,000 hawakudukuliwa. Walikuwa wanauza vipuri, usafiri, huduma. Kompyuta zao zilikuwa nzima, ila mteja wao alikuwa amezimika.

Inaweza pia kutokea kinyume chake. Tarehe 1 Machi 2022 Toyota ilisimamisha viwanda vyake vyote 14 vya Japan kwa siku nzima. Haikuwa Toyota iliyoshambuliwa. Ilikuwa ni Kojima, msambazaji wake wa vipuri.

Geuza hiyo iwe ya hapa. Mkulima wa zabibu wa Mpunguzi hana seva, hana barua pepe, pengine ana simu ya kitochi. Lakini kiwanda kinachonunua zabibu zake kikizimwa wiki ya mavuno, yeye ndiye anayebaki na kreti zinazooza. Hajui nywila ilikuwa nini wala nani alibonyeza nini. Anajua tu ada ya shule haijapatikana.

Ndio maana usalama wa mtandao wa kiwanda sio suala la mwenye kiwanda peke yake. Ushirika wa wakulima una haki ya kumuuliza mnunuzi wake: mfumo wenu ukizima siku ya mavuno, mtapima na kutulipa vipi?

Sheria inasemaje?

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inafanya kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa kuwa kosa la jinai. Hiyo inamhusu mdukuzi.

Kiwanda chenyewe kinahusika zaidi na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua Tume inayoisimamia tarehe 3 Aprili 2024.

Unaweza kusema "sisi tunatengeneza mafuta, hatukusanyi taarifa". Angalia tena. Alama za vidole za vibarua kwenye mashine ya mahudhurio, namba za NIDA kwenye mikataba, namba za simu na akaunti za benki za wakulima. Hizo zote ni taarifa binafsi, na sheria inataka wanaozikusanya wajisajili kwenye Tume na wazilinde.

Ufanye nini wiki hii?

Hatua hizi nyingi hazihitaji pesa nyingi. Zinahitaji nidhamu.

Akaunti ya benki ikibadilika, piga simu. Tumia namba ya zamani unayoijua, usitumie iliyo kwenye ujumbe huo. Malipo makubwa yaidhinishwe na watu wawili.

Weka nakala rudufu nje ya kompyuta. Hifadhi kwenye diski ya nje, kisha ichomoe. Diski iliyoachwa imechomekwa inatekwa pamoja na kompyuta. Kila mwezi jaribu kufungua mafaili machache uone kama yanafunguka.

Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye barua pepe na WhatsApp ya biashara. Ni dakika 5.

Mlango wa fundi wa mbali ufungwe. Ufunguliwe akihitajika, ufungwe akimaliza. Nywila iliyokuja na mashine ibadilishwe.

Tenganisha mitandao. Mtambo, ofisi na wageni wasitumie Wi-Fi moja. Kirusi kikiingia kwenye simu ya mgeni, kisipate njia ya kufika kwenye tangi.

Flashi na mashine mpya zikaguliwe. Agosti 2018 kiwanda cha TSMC cha Taiwan, kinachotengeneza chipu za simu na kompyuta, kilivurugika kwa siku kadhaa baada ya mashine mpya kuunganishwa bila kukaguliwa virusi. Kama wao yaliwakuta, fundi wako mwenye flashi mfukoni naye akaguliwe.

Fanyeni zoezi la karatasi. Nusu siku kila msimu, pimeni, pokeeni na andikeni malipo bila kompyuta. Kampuni ya aluminiamu ya Norsk Hydro ya Norway, yenye wafanyakazi kama 35,000, ilishambuliwa Machi 2019 na ikakataa kulipa. Ilivuka kwa sababu kulikuwa na watu waliokumbuka kuendesha kazi kwa mkono. Hasara ilikuwa makumi ya mamilioni ya dola, lakini kampuni haikufa.

Zoezi hili linasaidia hata pasipo na mdukuzi. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu na intaneti ikayumba nchi nzima. Kiwanda kilichoweza kufanya kazi siku zile kwa daftari kilishafaulu nusu ya mtihani.

Yakikukuta

Chomoa kompyuta kwenye mtandao, usiifute. Ushahidi umo humo. Kama pesa imetumwa, piga benki au mtandao wa simu papo hapo, kwa sababu dakika za mwanzo ndizo zenye matumaini ya kuizuia. Ripoti polisi, na kwa tukio la kimtandao kuna timu ya taifa ya TZ-CERT iliyo chini ya TCRA. Namba ya simu ya tapeli itume kwenda 15040.

Usikimbilie kulipa fidia. Hakuna risiti wala dhamana, na aliyelipa mara moja anajulikana kuwa analipa.

Na kama huna uwezo wa kuajiri mtu wa usalama wa mtandao, kumbuka Chuo Kikuu cha Dodoma kina chuo cha TEHAMA chenye wanafunzi wa fani hiyo hiyo, ambao kila mwaka wanatafuta nafasi za mafunzo kwa vitendo. Kiwanda cha mvinyo chenye seva chini ya meza na mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayetafuta pa kujifunzia wako mji mmoja. Mavuno yajayo yana tarehe, na kazi ya kuwakutanisha inapaswa kuanza kabla lori la kwanza halijafika getini.